Kipato kimeshuka kwa theluthi moja: tupunguze wapi kwanza?

mama_wa_watano

Wakuu, habari za leo. Nyumbani tuko watu wazima wawili na watoto watatu. Kuanzia mwezi huu kipato kimeshuka kwa theluthi moja na hatutegemei kirudi haraka. Tumepanga, umeme na maji tuna mita zetu wenyewe, na kuna mikopo miwili yenye marejesho ya kila mwezi. Tulichofikiria ni kukata theluthi moja kwenye kila kipengele cha bajeti ili maumivu yagawane sawa. Je, ni sahihi? Kama si sahihi, tuanzie wapi? Naomba mambo ya kutekeleza. "Punguzeni anasa" tumeshaambiwa, na anasa zenyewe hazikuwapo.

daftari_la_kaya

Dada, pole. Kukata sawa kila mahali hakutawezekana, kwa sababu kodi ya nyumba na marejesho hayakatiki kwa kuamua tu. Chukua kipato cha zamani kama 100. Kodi na mikopo ikiwa inakula 45, zilikuwa zinabaki 55. Sasa kipato ni 67, toa 45, zinabaki 22. Yaani chakula, umeme, maji, nauli na shule vinatakiwa kupungua kwa 60%, si kwa theluthi. Ndiyo maana kazi ya kwanza ni kuzungumza na wanaokudai, kabla ya kugusa sufuria.

Nenda kabla ya tarehe ya rejesho kupita. Ukishachelewa, faini huanza kuhesabika na sauti yako kwenye mazungumzo inapungua. Peleka ushahidi wa kipato kipya na kiasi unachoweza kulipa kweli, halafu uliza haya: rejesho likipunguzwa, riba inaendelea kukua? Kuna ada ya kubadilisha mkataba? Muda unaongezeka kwa miezi mingapi? Kurefusha mkopo kutoka miezi 12 hadi 24 kunashusha rejesho, lakini jumla ya riba utakayolipa inapanda, kwa hiyo omba muda mfupi kadiri unavyoweza kuumudu. Makubaliano yawe ya maandishi.

Kati ya mikopo miwili, lipa kiwango cha chini kwenye yote, kisha ziada yoyote iende kwenye ule wenye riba kubwa, hata kama deni lake ni dogo. Riba ya 4% kwa mwezi inasikika ndogo, lakini ikijilimbikiza inafika karibu 60% kwa mwaka. Na msikope mkopo mpya wa kulipia wa zamani kabla ya kulinganisha riba na ada zote.

Mwenye nyumba naye anaweza kukubali kodi ilipwe kwa awamu ndogo. Muulizeni mapema. Gharama zinazokuja mara moja kwa mwaka zigawanyeni kwa 12 na muweke kando kila mwezi, maana hizo ndizo huwarudisha watu kwenye mikopo. Chakula kikavu nunueni kwa jumla.

fundi_mita

Kwenye umeme, msihangaike na kila soketi. Kinachokula umeme ni joto. Hesabu ni wati mara saa, gawanya kwa 1,000, unapata uniti. Hita ya kuogea ya wati 5,000 kwa dakika 8 ni uniti 0.67. Watu watano kila siku ni takribani uniti 100 kwa mwezi. Mkipunguza hadi dakika 4, mmeokoa 50 bila kununua kitu. Linganisha na balbu: ya LED ya wati 9 ikiwaka saa 5 kila siku ni uniti 1.35 kwa mwezi, ile ya zamani ya wati 60 ni uniti 9. Kama mna balbu za zamani, badilisheni kwanza zile zinazowaka muda mrefu. Ya stoo inaweza kusubiri.

Friji haiwezi kuhesabiwa hivyo kwa sababu inajiwasha na kujizima. Angalieni mpira wa mlango: bana karatasi mlangoni, ivute. Ikitoka bila kukwama, baridi inavuja hapo. Osheni mpira kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kabla ya kufikiria kununua mpya, mara nyingi ni uchafu tu. Joto la ndani liwe nyuzi 4. Barafu ikifika unene wa milimita 5, yeyusheni, ila msiikwangue kwa kisu. Mkitoboa mrija wa gesi friji imekwisha.

jiko_nafuu

Naomba nipingane kidogo na daftari kuhusu kununua kwa jumla. Kilo 10 zenye punguzo la 12% zikiharibika kilo moja na nusu, umelipia sawa na kilo 8.8 za bei ya rejareja ukala 8.5. Hapo ni hasara. Nunueni kwa jumla kile tu mtakachomaliza, kiwe kikavu kabisa, na kiwekwe kwenye chombo kinachoziba. Nafaka yenye dalili ya wadudu ikikaa kwenye friza ya nyuzi -18 kwa siku 4, wadudu na mayai yao hufa. Pia someni gramu: paketi iliyoshuka kutoka gramu 500 hadi 450 kwa bei ileile imepanda bei kwa 11%.

Kwenye nishati ya kupikia, maharage ndiyo yenye nafasi kubwa ya kuokoa. Yaloweke saa 8 hadi 12, mwaga maji, weka mapya. Yachemshe kwa nguvu dakika 30, hasa mekundu, kwa sababu yana sumu ya asili inayohitaji mchemko halisi. Moto wa uvuguvugu hauiondoi. Baada ya hapo, sufuria ikiwa imejaa angalau theluthi mbili, ifunike na uitie kwenye kapu au boksi lenye nguo au blanketi unene wa sentimita 10 pande zote, chini na juu pia. Yaache saa 3 hadi 4 bila kufunua. Yakitoka yachemshe tena kabla ya kula. Likishindikana, sababu huwa ni sufuria yenye chakula kidogo, ambacho hupoa haraka, au nyanya zilizotiwa mapema: asidi yake huzuia maharage kulainika.

mama_wa_watano

Asanteni sana. Fundi, kuna jambo. Mita ya maji imeongezeka lita 38 kati ya saa nne usiku na saa kumi na moja alfajiri, na hakuna aliyefungua bomba wala kutumia choo. Mabomba yote makavu. Maji yanakwenda wapi?

fundi_mita

Hizo ni kama lita 130 kwa siku, karibu uniti 4 za maji kwa mwezi (uniti moja ya maji ni lita 1,000). Anzeni na choo. Tieni rangi ya chakula kwenye tangi, msiflashi kwa dakika 30. Rangi ikionekana kwenye bakuli, funga koki ya choo na uweke alama ya kimo cha maji. Yakiendelea kushuka hadi karibu na chini, mpira unaoziba tundu la kuflashi umechoka. Yakishuka hadi usawa wa mdomo wa bomba la ziada (lile la ndani ya tangi linalopeleka maji yaliyozidi kwenye bakuli) na kusimama, boya limewekwa juu mno. Lishushe hadi maji yakae sentimita 2 au 3 chini ya mdomo huo. Mpira mpya ununueni mkiwa na wa zamani mkononi, vipimo vinatofautiana.

Rangi isipoonekana, fungeni koki kuu iliyo baada ya mita. Mita ikiendelea kuzunguka, uvujaji uko kati ya mita na koki. Ikisimama, bomba limepasuka ndani ya ukuta au ardhini upande wa nyumba, na hapo mwenye nyumba aarifiwe kwa maandishi leo, pamoja na picha ya mita ya usiku na ya alfajiri.