Naomba ushauri: vizimba vya sato, vyumba vya kupanga au hatifungani?

Wakuu, mimi ni mwalimu hapa Mwanza, nina miaka 57, mitatu tu nistaafu kwa lazima. Nje ya pensheni ya PSSSF nina akiba ya milioni 18. Shemeji ananivuta kwenye vizimba vya kufugia sato ziwani, Luchelele. Nilienda: akimwaga chakula maji yanachemka kwa samaki, tamaa ikanishika. Ila mwaka juzi jirani yake aliamka akakuta kizimba kizima wanaelea tumbo juu. Mama watoto anataka tumalizie vyumba vitatu Buswelu, tofali zimeota nyasi tangu 2019. Mimi moyo uko kwenye hatifungani za serikali za miaka 20, yaani unaikopesha serikali hela, riba kila miezi sita, nalala usingizi. Lakini kufungia hela miaka 20 kwa umri huu? Mliostaafu, mlianza na kipi? Na ukiuza hatifungani kabla haijaiva, unapoteza kiasi gani?