Mjadala: Tuache kufundisha kwamba entropi ni "fujo"?

Walimu wa fizikia na wanafunzi wa Goma, naleta hoja hii tuibishanie wazi. Madarasani entropi, kile kipimo cha fizikia kinachoeleza kwa nini mabadiliko hutokea yenyewe upande mmoja tu, hufundishwa kwa neno moja: fujo. Chumba kilichovurugika kina entropi kubwa, kilichopangwa kina ndogo, basi, somo linaendelea. Wanaotetea njia hiyo wanasema mwanafunzi anahitaji picha kabla ya fomula. Hapo nakubaliana nao kabisa. Picha hii ndiyo siitaki.

Chukueni lava ya volkano yetu Nyiragongo ya Januari 2002, iliyokatiza mjini hadi ikaingia Ziwa Kivu. Ilikuwa inatiririka, ikaganda kuwa jiwe. Kwa kipimo cha fujo, entropi imepungua. Na kweli, ya lava yenyewe imepungua. Mbona basi iliganda yenyewe, bila kulazimishwa na mtu? Mwanafunzi aliyefundishwa habari za chumba hapo ananyamaza, na kosa si lake.

Mpe sasa hesabu. Clausius, mwanafizikia Mjerumani aliyeipa entropi jina hilo mwaka 1865, aligawanya joto kwa halijoto. Tuseme lava iko kelvini 1200 na maji kelvini 300. Jouli 1000 zikihama, lava inapoteza 1000/1200, yaani 0.83, ziwa linapata 1000/300, yaani 3.33. Jumla imepanda kwa jouli 2.5 kwa kelvini, na ndiyo maana lava iliganda yenyewe. Joto ni lile lile, halikuzidi wala kupungua, ila linapoingia kwenye kitu baridi linahesabika zaidi. Geuza safari, joto litoke ziwani liende kwenye lava: jumla inashuka, na hilo hakuna aliyewahi kuliona. Mwanafunzi anayejua kugawanya analishika ndani ya somo moja, tena kwa mlima anaouona kila siku.

Najua jibu litakalokuja: fomula ya mwanafizikia Boltzmann, S = k log W, ile iliyochongwa kwenye kaburi lake Vienna, ambamo S ni entropi, inahusu mpangilio wa chembe. Sawa, lakini W yake ni idadi ya namna ambazo chembe na nishati zinaweza kugawanyika. Ni kuhesabu, wala haina habari na usafi wa chumba. Ifundishwe, ila ije baada ya joto na halijoto.

Mnaopinga, nawaomba kitu kimoja: kwa neno "fujo" peke yake, elezeni kwa nini maji yale yale huganda ndani ya friza, na mezani hayagandi.