Gauni lenye sura ya Mama Maria: nishone au nisishone?

FundiWaKasula: Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanza, mwaka wa 12 sasa nadarizi kasula na stola, yale mavazi ya padre ya Misa. Juzi kaja binti na picha kwenye simu: gauni la Dolce & Gabbana, wabunifu wa Italia, la mwaka 2013, ile mitindo iliyoiga mozaiki (picha za vipande vidogo vya rangi ukutani) za kanisa kuu la Monreale kule Sisilia. Anataka la sherehe yake ya kuagwa, sura ya Bikira Maria mbele, kwa shanga na uzi wa dhahabu. Hela ni nzuri. Lakini nilipombandikia mchoro mwilini, uso wa Mama ulikaa tumboni, na alipoketi ukajikunja pale pale machoni. Nikachomoa pini zote. Kwenye kasula picha haikaliwi na mtu. Mnanishaurije?

Katekista_Kigango: Milele amina. Kanuni 1171 ya Sheria za Kanisa inakataza vitu vilivyobarikiwa visitumike ovyo, hata vikiwa mali ya mtu binafsi. Gauni halijabarikiwa, kwa hiyo hapo hufungwi. Ila Mtaguso wa Nisea, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 787, ulifundisha kwamba heshima inayopewa sanamu humfikia mwenyewe aliyechorwa. Hizo pini ulizichomoa kwa sababu hiyo, mama.

Mkristo_NY: Mwaka 2018 niliyaona maonyesho ya Heavenly Bodies, ya mitindo na imani ya Kikatoliki, makumbusho ya Met, New York. Vatikani iliazima vitu kama 40, vingi kutoka sakristia (chumba cha mavazi ya ibada) ya Kikanisa cha Sistina, na Kardinali Dolan wa New York alifika usiku wa ufunguzi. Kwa hiyo Kanisa haliogopi mitindo. Lakini mavazi ya Vatikani yalikuwa na vyumba vyake, magauni ya wabunifu kwingine kabisa. Watu walimkasirikia mwanamuziki Rihanna kwa kuvaa mitra, kofia ya askofu, usiku ule wa ufunguzi. Mimi huniuma zaidi rozari ikivaliwa kama cheni na mtu asiyesali hata fumbo moja.

Dada_Parokiani: Mbona vitenge vyenye picha ya Mama Maria tunavishonea sherehe za parokia na kuvikalia kwenye benchi?

FundiWaKasula: Hapo umenishika, dada. Mimi nikikata vile vitenge, picha naipeleka mgongoni, juu ya kiuno, hata kama nusu mita ya kitambaa itapotea. Si mafundi wote wanaofanya hivyo, na inaniuma. Binti nimempigia. Nimemwambia badala ya sura nitamdarizia alama za Mama Maria: nyota 12 kuzunguka shela, na herufi M ndogo begani. Atanijibu Ijumaa.