Presha imegoma kushuka: chemba inavuja au ni kuta zenyewe?

mtafiti_mpya: Wadau habari, naomba msaada. Chemba yangu ya vakyumu (ile ya kutoa hewa yote ndani) ni ya chuma cha pua, pampu ya tabo (ya mapanga yanayozunguka kasi sana), na geji ya kupima presha ni ile ya ayoni yenye filamenti ya moto, yaani filamenti inatoa elektroni, zinageuza gesi kuwa ayoni, na geji inazihesabu. Nilifungua kubadili sampuli nikafunga, presha ikashuka fresh mpaka milibari 10⁻⁶ halafu ikaanza kujikokota, saa hizi imegoma kwenye 2 × 10⁻⁷ na mi nataka 10⁻⁹. Mwenzangu anasema inavuja, tukaze bolti zote. Nitajuaje?

gasketi_ya_shaba: Msikaze kitu kabla hamjapima. Kila ukifungua chemba, hewa inaacha maji kwenye kuta za ndani na maji ndo mabishi kuliko yote. Naitrojeni na oksijeni pampu inazitoa fasta, ila molekuli ya maji inabanduka hapa inanata pale, inabanduka tena, hivyo hivyo mpaka ibahatike kufika mdomo wa pampu. Ndo maana baada ya masaa 10 presha inakuwa kama sehemu ya kumi ya ile ya saa la kwanza, ukitaka ishuke mara kumi tena subiri masaa 100. Dawa ni kuoka, zungushia hita na foili nyuzi 150 kwa siku nzima au mbili, ila kama kuna oringi (pete za kuziba) za mpira angalia kwanza zinahimili joto gani.

masi_18: Naunga mkono, ila kabla ya kuoka funga vali ya pampu uangalie presha inavyopanda. Ikipanda kwa mstari ulionyooka bila kuchoka, inavuja, ikipanda halafu ikapinda na kutulia ni gesi ya kuta. Kama mna kipima masi (kinachoonyesha gesi zilizomo kwa uzito wa molekuli) ndo raha zaidi, 18 ikiwa juu kuliko zote ni maji, 28 na 32 zikija pamoja na 40 ya argoni pembeni ni hewa inaingia. Hapo puliza heliamu kwa nje kwenye flenji (viungo vya bolti) moja moja huku unaangalia 4 ya heliamu, anzia juu maana heliamu inapaa.

mtafiti_mpya: Asanteni sana wakuu. Nimecheki kipima masi, 18 iko juu mno, 28 ipo kidogo ila 32 haionekani kabisa?

masi_18: Basi hiyo 28 kwa asilimia kubwa ni kaboni monoksaidi, filamenti za moto zinaitengeneza zenyewe. Okeni tu.

mzee_wa_filamenti: Niongeze moja ambalo watu wengi wanalisahau: geji nayo ina nyuso zake. Elektroni za filamenti zikigonga gridi (wavu wa waya unaozivuta) zinabandua oksijeni iliyonata pale ikiwa tayari ayoni, na geji inaihesabu kama presha. Pia zinatoa eksirei, zile zikipiga kikusanyio (sehemu inayopokea ayoni) zinang'oa elektroni na mkondo huo unafanana kabisa na wa ayoni. Geji za zamani zilikwama karibu na 10⁻⁸ kwa sababu hiyo, mpaka watafiti Bayard na Alpert mwaka 1950 walipoweka kikusanyio cha waya mwembamba katikati ya gridi, eksirei nyingi zikawa zinakikosa. Kwa hiyo mkishaoka, chemba ikiwa bado ya moto, washa digasi ya geji (kuipasha moto itoe gesi iliyonata) isafishe gridi, ndo uisome ikipoa. Na kumbuka imepimiwa naitrojeni, baada ya kuoka kitakachobaki kwa wingi ni haidrojeni inayotoka ndani ya chuma, na kwa hiyo presha halisi ni zaidi ya mara mbili ya inayosomeka.