Waarabu wana hela na vyuo vya tangu enzi, mbona wavumbuzi wao wote wako Marekani?

Mgosi wa Tanga
Wakuu salama? Hili jambo linanikereketa siku nyingi. Al-Azhar ipo Cairo tangu miaka ya 970 huko, Oxford haijafikiriwa hata na aliyeijenga. Leo Ahmed Zewail, Mmisri kasoma Alexandria, Nobel ya kemia 1999 kaipata akiwa California. Omar Yaghi juzi 2025 hivyo hivyo, kazaliwa Amman, Jordan, maabara iko Berkeley huko huko California. Qatar wakaona isiwe tabu, wakaleta vyuo vya Wamarekani wakavipanga pale Doha kama fremu za Kariakoo. Shida ni hela, siasa, dini au uvivu? Tujadili bila matusi.

Chuma cha Reli
Shida ni kukariri mkuu, hamna lingine. Hata ndugu zetu wanaokwenda Khartoum na Madina wanarudi na digrii na kanzu mpya, mwambie aandike ripoti ya ukurasa mmoja uone jasho linavyomtoka.

Binti Saidi 88
@Chuma cha Reli mimi ni wa Khartoum, digrii ya kilimo. Mwalimu anafundisha Kiarabu, kitabu Kiingereza, daftari langu kulia Kiarabu kushoto Kiingereza na pembeni nimejiandikia Kiswahili kwa penseli ili nielewe, narudi bongo naambiwa nimekariri. Aprili 2023 vita imelipuka wadogo zetu wametolewa na mabasi kuelekea mpaka wa Ethiopia na begi moja moja, wengine karatasi za matokeo zimebaki huko huko, wewe umekaa unacheka kanzu. Na kwa taarifa yako mimi ni mwanamke, kanzu sivai.

Chuma cha Reli
Dada sijakutaja jina. Nimerusha jiwe gizani, ukisikia yalaa ujue limempata 😂

Dokta Mchele
Turudi kwenye mada jamani. Misri Rais Nasser alifuta ada za vyuo vikuu 1962, miaka miwili mbele ikaja ahadi ya kisheria kwamba ukimaliza chuo serikali inakupa kazi. Mtoto wa mkulima kawa daktari, hilo tusimnyime mzee wa watu. Lakini watoto wakaongezeka, bajeti ikabaki nyuma, kumbi zikafurika. Profesa mshahara hautoshi, anachapisha notisi zake anawauzia wanafunzi wake mwenyewe na mtihani unatoka mle mle. Sasa maktaba mtu aende kufanya nini? Na yule profesa mzuri akipata upenyo anaomba ruhusa anakwenda Kuwait au Riyadh miaka kadhaa, anarudi na hela ya nyumba. Sio uvivu huo, kila mtu anafuata panapolipa.

Kijana wa Ubungo
Notisi za kuuziwa?? Hiyo ni Misri au chuo nilichosoma mimi? Kuna mhadhiri wetu bila kununua hendauti yake C unaisikia kwa jirani.

Fundi Antena
Hahaha nyie wa hendauti tupo wengi. Wetu alikuwa anaandika kabisa majina ya walionunua.

Mpemba wa Sohar
Asalaam alaykum. Mimi niko huku Oman. Sultani Qaboos anashika nchi 1970 kulikuwa na shule tatu tu nchi nzima, chuo kikuu kimefunguliwa 1986. Na walioshika ofisi siku zile wengi ni waliotoka Zanzibar, ndio waliokuwa na elimu. Leo wasichana huku wanawaburuza wavulana darasani. Shida inakuja ukishamaliza, kazi hakuna, ndio maana Mei 2021 vijana waliingia barabarani hapa hapa Sohar.

Chuma cha Reli
Sasa kumbe Wazanzibari ndio walioijenga Oman? Haya tumesikia, na Zanzibar atajenga nani?

Mpemba wa Sohar
Wewe kijana kwenu hawakukufunza kusema na watu. Nimesema walishika ofisi. Soma kwanza.

Binti Saidi 88
Mwache shekhe, huyo kusoma ndiko kunakomtoa jasho.

Mlimani Orijino
Wanaosema Kiarabu hakifai sayansi (najua mtafika huko), Damascus wamefundisha udaktari kwa Kiarabu zaidi ya miaka 100 na madaktari wa Syria leo wamejaa hospitali za Ujerumani. Sisi Kiingereza tangu fomu wani, maabara haina hata gesi.

Kijana wa Ubungo
Mkuu hakuna aliyesema hivyo, umejijibu mwenyewe.

Mlimani Orijino
Watasema tu. Nawajua.

Dokta Mchele
Na siasa mnaikwepa. Giulio Regeni, Mtaliano wa PhD Cambridge, 2016 alikuwa Cairo anatafiti chama cha wamachinga. Wamachinga tu! Mwili ukaokotwa kando ya barabara kuu, kateswa. Kama mgeni mwenye pasi ya Ulaya kafanywa hivyo, Mmisri mwenyewe achague mada gani?

Mgosi wa Tanga
Dokta umenigusa hapo. Halafu zile fremu za Doha, Texas A&M bodi yao 2024 imepiga kura kufunga tawi, 2028 wanatoka. Majengo yatabaki, maprofesa wanapanda ndege. Saudia nao waliwahi kuandikwa kwamba wanawalipa maprofesa wa nje waandike jina la chuo chao kwenye makala ili chuo kipande chati ya ubora wa vyuo duniani. Hela ya bure kabisa.

Fundi Antena
Wakati huo huo sisi chati hatupandi na hela hatuna 😂

Mama Wawili
Samahanini kuingilia. Dada Binti Saidi, mdogo wangu alikuwa mwaka wa tatu Khartoum, sasa yuko nyumbani tu. Kuna chuo hapa kimemwambia aanze upya mwaka wa kwanza. Afanyeje?

Binti Saidi 88
Pole mamy. Asikubali haraka. Amtafute msajili wa chuo chake kwanza, vyuo vingi vilihamishia ofisi Port Sudan na Cairo, makundi ya WhatsApp ya waliokuwa huko yana namba. Akipata matokeo ayatafsiri kwa mtafsiri anayetambulika, kisha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) ndio wa kuulizwa habari ya kuhamisha masomo, sio huyo wa dirishani. Njoo inboksi nikupe kundi letu, huku watu povu linawatoka.