Timu ya chialidingi Tabora: tuchague shindano lipi kati ya haya matatu?

Isike_Kocha
Wakuu, salaam. Timu ya chialidingi (cheerleading: onyesho la dansi, miruko, sarakasi na kunyanyuana) ipo hapa Tabora mjini: wasichana 14, wavulana 4, miaka 12 hadi 17. Wote wanakata gurudumu (kupinduka kiubavu kwa mikono), wanane wanalimalizia kwa miguu miwili pamoja, kijana mmoja anapiga samasoti ya nyuma (kupinduka hewani bila kugusa chini) akitoka mbio. Kunyanyua wanafika kimo cha mabega. Mazoezi ni kwenye nyasi, magodoro hatuna. Fedha iliyopo ni ya safari moja tu. Yaliyopo ni bonanza la shule hapa wilayani mwezi wa sita, shindano la kudansi Mwanza mwezi wa tisa, na shindano la nje la kutuma video, mwisho wa kupokea ni mwishoni mwa Oktoba. Twende lipi, na tuulize nini kabla ya kulipa kiingilio?

Ujiji_Juu
Kocha, anza na karatasi ya alama. Mwandalizi asiyeweza kukutumia karatasi ya alama na kanuni zake, hata kwa WhatsApp, usimlipe. Yapo mashindano yanayojiita ya chialidingi ilhali majaji wanahesabu dansi tu. Hapo mtanyanyua watu dakika nzima mpate sifuri, au mtolewe kabisa kwa sababu kanuni zao zinakataza mtu kubebwa.

Ukishaipata, tafuta kiwango chenu. Mashindano mengi ya nje yanafuata ngazi za klabu za Marekani, 1 hadi 7. Mlivyo ninyi ni kiwango cha 1: anayepanda husimama kwa miguu miwili kwenye kimo cha mabega, akisimama kwa mguu mmoja mwisho ni kimo cha kiuno, na mlinzi wa nyuma (wa kumdaka akianguka) lazima awepo macho juu muda wote. Kurusha mtu hakuna. Wabebaji wakinyoosha mikono juu ya vichwa, tayari mmeingia kiwango cha 2. Kosa ninaloliona sana ni timu kujiandikisha juu "ili tuonekane". Majaji wanahesabu ni wangapi wanafanya kitu na wanakifanya safi kiasi gani. Timu ya kiwango cha 1 iliyotulia inaipita ya kiwango cha 3 inayodondosha watu.

Na umri: uliza wanapanga kwa mwaka wa kuzaliwa au kwa umri wa siku ya shindano. Mwenye miaka 12 na mwenye 17 huenda wasiruhusiwe jukwaa moja. Kusanyeni nakala za vyeti vya kuzaliwa mapema, maana atakayekosa ndiye mliyemtegemea.

Mama_Pomu
Naongezea la sakafu, ndilo linalovunja watoto. Muulize mwandalizi wa bonanza: ni nyasi, ukumbi, au kiwanja cha kikapu? Kama ni saruji au lami, toeni kunyanyua na gurudumu zote, bakini na dansi, miruko na mabango. Hata mkiruhusiwa, msikubali. Nyasi zenye umande ni vilevile, anayebeba huteleza kisigino kwanza.

Kwa mashindano ya Marekani uwanja ni vipande 9, kila kimoja upana futi 6 na urefu futi 42, yaani jumla kama mita 12.8 kwa 16.5. Fungeni kamba ya katani kwenye vigingi, mwagieni majivu kwenye kila mstari, kipande cha tano ndicho cha katikati. Kila mtoto ajue anasimama kipande cha ngapi. Bila hivyo timu hukusanyika katikati kama inasubiri daladala, na jaji anaandika "nafasi mbaya".

Unyanyembe77
Kwa safari moja, mimi ningesema Mwanza wasiende. Kusafiri usiku kucha kisha kunyanyua watu asubuhi ni kutafuta ajali. Lazima mfike siku moja kabla, na treni ya abiria haiendi kila siku, kwa hiyo piga hesabu ya kulala siku mbili hadi tatu kwa watu 21 (watoto 18, walimu wawili na mlezi wa kike).

Mama_Pomu
Hapo tunapishana kidogo mkuu. Chialidingi ina tawi la dansi pia: pomu (dansi ya kushika vishada vya nyuzi mikononi), hip hop, jazi. Wakipewa nafasi ya pomu wanaweza kushindana Mwanza bila kumnyanyua mtu. Ila ni programu (mpangilio wa onyesho) mpya kabisa, hata wiki nane za mazoezi si nyingi. Pomu zenyewe msizitengeneze kwa mifuko ya plastiki, imepigwa marufuku tangu Juni 2019. Chambueni nyuzi za viroba vya salfeti.

Isike_Kocha
Asanteni. Na huyu wa samasoti? Wazazi wake wanauliza kwa nini asioneshe.

Ujiji_Juu
Kiwango cha 1 kinakataza samasoti, akipiga mnakatwa alama timu nzima. Akitoka mbio ni ya kiwango cha 3. Kwenye bonanza mpeni aipige kabla au baada ya programu, kwenye nyasi kavu.

Ushauri wangu: bonanza kwanza kama jaribio, halafu video. Angalieni tu kwamba Juni ni mwezi wa UMISSETA (michezo ya shule za sekondari), na wabebaji wenu wenye nguvu huenda ndio wanetiboli wa shule. Video rekodini Septemba, msisubiri Oktoba. Mitihani ya kidato cha nne inakaribia na mvua nayo iko njiani.

Simu ilazwe kwa upana, iwekwe mita 15 kutoka mstari wa mbele, juu ya meza, jua likiwa mgongoni kwa mpigaji. Wengi wanataka video moja isiyokatwa, na programu isizidi dakika 2 na sekunde 30. Pimeni kwa saa, maana muziki uliounganishwa kwenye simu huongezeka sekunde mbili tatu bila mtu kuziona. Ulizeni pia leseni ya muziki: mkitumia wimbo wa msanii, mtandao unaweza kunyamazisha sauti na jaji akaona watu wanaruka kimyakimya. Faili linaweza kufika MB 300, litumeni alfajiri, siku tatu kabla ya mwisho.