Kikosi cha 4477 cha Marekani: majaribio gani hayo na ndege ni za Mrusi?

Kipanga_Mwekundu: Wakuu, kulikuwa na kikosi cha jeshi la anga la Marekani namba 4477, Red Eagles, kiliitwa cha majaribio na tathmini halafu ndege zao zilikuwa MiG, ndege za kivita za Mrusi. Sasa unajaribu nini kwenye ndege ambayo Mrusi kashaijaribu na kuiuza nusu ya dunia?

MzeeWaMabawa: Mkuu hilo jina lilikuwa geresha kwa kiasi fulani. Majaribio yenyewe yalianza kabla, 1966 rubani wa Iraq, Munir Redfa, alitoroka na MiG-21 hadi Israel, baadae Wamarekani wakaazimwa wakairusha Nevada 1968, ndo wakajua injini yake inachelewa kuitikia ukiongeza moto na rubani haoni vizuri mbele. Shida ripoti zilikuwa siri, rubani wa kawaida aliyeenda Vietnam hajawahi hata kuiona. 4477 ikaundwa 1977, ikaanza kazi Tonopah, uwanja wa siri huko Nevada, 1979, afisa wa jeshi la anga Gail Peck ndo alipigania huo mpango.

Kipanga_Mwekundu: Si wangewaonyesha picha tu?

propela_tatu: Picha haisaidii bana. Mtu akiiona MiG ya kweli kwa mara ya kwanza anaduwaa, na zile sekunde za kuduwaa ndo anadunguliwa. Kwahiyo mwanzo rubani aliyekuja kujifunza anaruka na ndege yake ubavuni mwa MiG tu, anaikodolea macho, anaona ilivyo ndogo, ikikugeuzia pua inapotea kabisa, baada ya hapo ndo wanaanza kukimbizana. MiG-23 ndo ilikuwa balaa, kwenye mstari mnyoofu inachomoka vibaya mno ila kona haiwezi, mwaka 1982 ilimuua rubani wao Mark Postai. Mimi nawavulia kofia mafundi, spea zilikuwa za kuungaunga, nyingine wanachonga wenyewe, na bado hadi zilipoacha kuruka 1988 ziliruka zaidi ya mara 15,000, karibu marubani na wenzao wa ndani ya ndege 6,000 wakapitia hapo. Siri ikatolewa rasmi 2006.

Kipanga_Mwekundu: Kumbe ilikuwa shule!

MzeeWaMabawa: Shule kabisa. Kupima mifumo na kutafuta udhaifu wa MiG ilikuwa kazi ya wenzao wa Red Hats, kikosi kingine cha siri, hao walibaki Groom Lake, kituo kingine cha siri huko huko Nevada, na habari zao mpaka leo zinatoka kwa matone.